Ndugu akigongwa, wakili atafutwe wiki ile ile: yaliyomkuta mdogo wangu

#1 Mtoto wa Stop Over

Wakuu, poleni na majukumu.

Juzi nilikwenda wodini kumjulia hali jirani yetu aliyegongwa na Coaster. Nikakuta kando ya kitanda wageni wawili wamevaa vizuri, wamekuja na mfuko wa machungwa, na mama wa mgonjwa ameshika kalamu. Mbele yake karatasi. Nilimwomba mama aiweke ile kalamu chini tutoke nje tuzungumze kwanza. Ndiyo sababu ya uzi huu, maana karatasi ya namna ile sisi tuliisaini, na aliyeiandika kwa mkono wake ni mimi.

Mdogo wangu ni fundi vigae. Alikuwa abiria wa bodaboda, Morogoro Road, anarudi Kimara kutoka kazini. Fuso lililokuwa linapita gari jingine likawafuata upande wao. Boda alitoka na michubuko, mdogo wangu akavunjika paja la kulia na nyonga. Akawekewa vyuma, akalala wodini wiki 7.

Siku ya tatu akaja mmiliki wa Fuso. Sitamsema vibaya, alikuja kiungwana, kapiga magoti kumsalimia mama, katoa shilingi laki 6 za matibabu. Halafu akasema, "Tuandikishane tu, ili hata mimi nyumbani niwe na kumbukumbu." Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, daftari nikapewa mimi. Nikaandika kwamba tumepokea laki 6 kwa ajili ya matibabu "na hatutakuwa na madai mengine yoyote." Hayo maneno ya mwisho alinitajia yeye, nami nikayaandika kama mwanafunzi anayeandikishwa imla. Mdogo wangu akasaini huku dripu ya dawa ya maumivu inaingia mkononi. Mama akaweka dole gumba kama shahidi. Mpaka leo nikifumba macho naliona lile dole, wino wa zambarau, limekaa juu kidogo ya mstari.

Baada ya hapo tukarudi kwenye kuuguza. Dereva alipelekwa mahakamani, akakiri, akapigwa faini, akalipa siku ile ile. Sisi tulikuja kusikia miezi baadaye, kwa bahati tu, kutoka kwa askari tuliyekutana naye kwenye daladala. Tukaambizana basi, kesi imeisha. Hakuna hata mmoja kwenye familia aliyejua kwamba faini ile ni ya serikali, na kwamba haki ya mgonjwa kudai fidia ni jambo jingine kabisa ambalo halijaguswa.

Mguu ukapona vibaya. Akafanyiwa upasuaji wa pili. Goti likagoma kukunja. Wanaojua kazi ya vigae wanajua ile kazi inafanywa kwa magoti kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kuna siku alijaribu kwenye kibaraza cha jirani, alipewa mita chache tu za kumtia moyo. Nilimkuta amelala ubavu, kiwiko kimezama kwenye saruji, anagonga kigae kwa nyundo ya mpira mkono wa kushoto. Vigae vinne. Cha tano akakiacha, akakaa akitazama ukuta. Siku ile ndipo nilipoamua kwenda kwa wakili. Ilikuwa imepita miaka 2 na miezi 9 tangu ajali.

Wakili hakuuliza kitu kingine kabla ya tarehe ya ajali. Nikamtajia. Akatazama kalenda ya ukutani, akasema, "Mmebakiza miezi mitatu. Baada ya hapo mahakama haiwasikilizi." Halafu akaanza kuuliza kimoja kimoja. Nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ipo? Hatuna, ilibaki kituoni. Mashahidi? Mama ntilie aliyeona kila kitu alishahama, boda alisharudi kwao Singida na namba haipatikani. Mchoro wa ajali? Trafiki aliyechora amehamishwa mkoa. Mmiliki wa Fuso? Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu mwingine, na gari lenyewe lilishauzwa mara ya pili. Kituo cha mafuta pale jirani kilikuwa na kamera, lakini picha za miaka ile nani anazo.

Risiti ndizo zilizoniumiza kuliko vyote. Mama alizitunza zote kwenye bahasha ya kaki, chini ya godoro. Nikazimwaga mezani kwa wakili kwa kujiamini kabisa. Zile risiti za mashine zilikuwa zimefutika. Karatasi nyeupe tupu, nyingine na kivuli cha herufi tu. Hesabu yetu ya matibabu ilikaribia milioni 9. Zilizosomeka zilifika milioni 2 na laki 3.

Tulifungua kesi ndani ya muda, na mwisho yalizungumzwa nje ya mahakama, bima ya lile gari ikalipa. Lakini walipokuja mezani walikuja na picha ya ile karatasi yangu. Wakili wetu alipambana, akaeleza mgonjwa alikuwa katika hali gani na kwamba fedha zile zilitajwa kuwa za matibabu tu. Hata hivyo karatasi ile ilitupunguzia nguvu, na kiasi tulichopata hakilingani na goti la fundi wa miaka 26.

Watu wengi, mimi nikiwemo, tulidhani wakili ni mtu wa kwenda naye mahakamani, kwa hiyo mpaka ugomvi uwepo. Kumbe wiki za mwanzo kazi yake kubwa ni kushika vitu kabla havijapotea, na kusimama kati yako na karatasi. Kama una ndugu yuko wodini leo, naomba usome michango itakayokuja hapa chini. Wajuzi wa sheria karibuni mtusaidie.

#2 Nyakati za Jioni

Pole sana mkuu. Hapo kwenye vigae vinne nimeshindwa kuendelea kusoma kwa muda.

#3 Mangi wa Duka

Pole mleta uzi. Lakini niulize kwa nia njema. Mtu kaja mwenyewe, hakukimbia, kalipa hospitali, kamsalimia mama kwa magoti. Halafu wewe unamletea barua ya wakili? Wengine wanagonga na kupotelea gizani. Kwetu sisi mambo haya yanamalizwa na wazee. Isitoshe wakili anataka hela, na mgonjwa ndiyo kwanza anahitaji dawa.

#4 Mtoto wa Stop Over

Mangi, swali lako ndilo tulilokuwa nalo nyumbani, na ndilo lililotuchelewesha. Mama alisema hivyo hivyo, "Tutamtazamaje yule baba?"

Jibu nililokuja kulipata ni hili. Yule baba alikuwa ameshalipia bima. Sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kufidia watu wengine watakaoumizwa na gari lake, na ile stika ameilipia kila mwaka kwa ajili ya siku kama ile. Tulipokuja kudai, hakuuza shamba wala nyumba, iliyolipa ni bima. Tungemwambia mapema, pengine yeye mwenyewe angetupa jina la kampuni na namba ya stika pale pale wodini. Badala yake tulimwonea haya miaka karibu mitatu, na kumbe yeye naye alikuwa anaogopa kwamba fedha zitamtoka mfukoni.

Msaada wake upokee, mshukuru, mwandikie kwamba umepokea laki 6 za matibabu, weka nukta. Usiongeze neno baada ya nukta.

#5 Wakili wa Wilayani

Nawasalimu. Mimi ni wakili, nafanya kazi mikoani. Mleta uzi ameeleza vizuri kuliko tunavyoeleza sisi ofisini. Naongeza ya kisheria, kwa Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao, kwa hiyo walioko huko waulize mawakili wa huko.

Kwanza muda. Madai ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu yana ukomo wa miaka 3 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Ukifungua siku moja baada ya hapo shauri linatupwa, hata kama umekuja na magongo na hakimu anakuonea huruma. Waziri mwenye dhamana ya sheria ana mamlaka ya kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa mwanzo, ila hilo ni ombi la kipekee lenye safari yake. Msilipangie.

Watu wakisikia miaka 3 wanapumua. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Miaka 3 ni muda wa kufungua shauri, na ushahidi haukusubiri muda wote huo. Kamera za dukani nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku au wiki chache. Gari linatengenezwa na kupakwa rangi. Shahidi anahama. Mteja akija wiki ya kwanza naandika barua mbili tatu, kwa mwenye kamera atunze picha, kituoni kuomba nakala, kwa bima kuwajulisha. Ni kazi ya siku moja. Akija mwaka wa tatu natumia miezi kutafuta vitu vile vile, na vingi sivipati.

Pili, risiti. Mahakama ya Rufani katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, la mwaka 1992, ilisema fidia maalumu lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe. Fidia maalumu ndiyo zile fedha zilizokutoka kweli: dawa, vipimo, upasuaji, nauli za kliniki, mshahara uliopotea. Hakimu hawezi kukadiria kwa kukutazama. Maumivu na ulemavu hayo ni fidia ya jumla, ataipima mwenyewe kwa busara yake, lakini shilingi ya dawa inataka karatasi. Risiti za mashine ya EFD zinachapwa kwa joto, ndiyo maana zinafutika zikikaa kwenye joto au zikibanana. Toa fotokopi siku unayopewa, na piga picha kwa simu. Gharama ya fotokopi ni ndogo mno ukilinganisha na kinachopotea.

Tatu, kesi ya trafiki. Dereva akitiwa hatiani, na muda wa rufaa ukapita, Sheria ya Ushahidi inaichukua hukumu ile kuwa ushahidi kamili kwamba alitenda kosa. Kwenye shauri lako la madai hiyo ni silaha kubwa, huanzi tena kubishana nani alihama upande. Lakini lazima upate nakala ya mwenendo na hukumu, na kuipata ni rahisi jalada likiwa bado liko juu ya meza ya karani. Wagonjwa wengi hawajui hata namba ya kesi. Muulizeni mpelelezi tarehe, na kama mna wakili ataifuatilia.

Nne, bima ina haki ya kujulishwa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaibana kampuni ilipe hukumu uliyoshinda dhidi ya mteja wake, ila kuna masharti ya kuipa taarifa ya shauri kwa wakati. Nimeona watu wameshinda kesi vizuri kabisa, hukumu mkononi, halafu bima inasema haikujulishwa.

Kuhusu kusaini wodini sina la kuongeza. Ukiambiwa "ni kwa ajili ya kumbukumbu tu," iache mpaka mtu wako aisome.

#6 Fundi Mitambo 85

Uzi muhimu. Niongezee upande wa sisi wa viwandani, maana ajali si barabarani tu.

Mimi mashine ilinikata vidole viwili mkono wa kulia. Msimamizi akaniambia nikae nyumbani, kampuni itanihudumia, nisiende kokote. Kweli mwezi wa kwanza nilitumiwa mshahara. Wa pili ukaja nusu. Wa tatu simu hazipokelewi. Shemeji yangu ana rafiki mwanasheria, ndiye aliyeniuliza kama ajali imeripotiwa WCF. Nikamwambia hiyo ni nini.

Kumbe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015, mwajiri ndiye anayeuchangia, wewe hukatwi hata senti. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na madai yana mwisho wa miezi 12. Miezi 12, wakuu, si miaka 3. Ningekaa na yale maneno ya msimamizi mwaka mmoja tu, ningekuwa nimekwisha.

Yule mwanasheria aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwajiri. Ripoti ikapelekwa wiki ile ile. Mfuko ukagharamia matibabu yaliyobaki, ukanilipa asilimia 70 ya mshahara kipindi ambacho sikuweza kufanya kazi, na daktari akapima ulemavu wangu ni asilimia ngapi ili nilipwe ule wa kudumu. Hakuna aliyeburuzwa mahakamani na kazini nilirudi, sasa niko stoo.

Hata kibarua wa kutwa anahusika. Usikubali kuambiwa wewe huna mkataba.

#7 Mama Juna

Jamani naomba msaada, nimeusoma uzi huu mikono inatetemeka. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 9, amegongwa siku 6 zilizopita akivuka kwenda shule. Gari ni la halmashauri. Amefungwa hogo mguu mzima na daktari anasema wanaangalia kama mfupa ulioko karibu na goti umeathirika kwenye sehemu ya kukua. Dereva alimpeleka hospitali mwenyewe. Ofisini wametuambia tusiwe na wasiwasi, watalishughulikia ndani kwa ndani. Baba wa mtoto anasema tusubiri apone kwanza. Tufanyeje?

#8 Wakili wa Wilayani

Mama Juna, pole sana kwa mtoto na kwa dada yako.

Gari la halmashauri lina njia yake. Huwezi kuamka ukaifungulia kesi. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi inayohusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huo unazihusu pia serikali za mitaa, na shauri lenyewe linakwenda Mahakama Kuu. Notisi ikiandikwa vibaya au ikipelekwa ofisi isiyostahili, mnaanza upya. Kwa hiyo hapa wakili anahitajika tangu mwanzo.

Kwa kuwa ni mtoto, sheria inampa nafuu, muda haumhesabiwi mpaka afikishe miaka 18. Mzazi anaweza kufungua kwa niaba yake hata leo. Lakini naomba hiyo nafuu isiwalaze. Miaka 9 kutoka sasa nani atakumbuka gari lilikuwa na kasi gani mbele ya shule?

Baba yake ana haki kwa jambo moja: msikubali malipo ya kumaliza kabla daktari hajasema mwisho wake nini. Mfupa wa mtoto ukiumia sehemu ya kukua, mguu unaweza kuja kutofautiana urefu baada ya miaka. Hilo halijulikani wiki ya kwanza. Kusubiri kupona ili mjue kiasi cha kudai ni sawa. Kusubiri kupona ndipo muanze kukusanya ushahidi, hapana. Hivyo ni vitu viwili.

Hapo shuleni au jirani na barabara kuna kamera yoyote?

#9 Mama Juna

Kuna kituo cha mafuta ng'ambo, naona kama kina kamera zinazotazama barabara. Na uwezo wa kumlipa wakili hatuna, naomba niseme ukweli.

#10 Wakili wa Wilayani

Nenda kesho, usingoje Jumatatu. Mwombe meneja kwa upole asizifute picha za siku ile. Kama hawezi kukupa bila barua, mwambie barua inakuja.

Kuhusu uwezo: tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na watoa msaada waliosajiliwa wapo mpaka wilayani, kuna na wasaidizi wa kisheria kwenye kata. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo halmashauri, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), au Chama cha Mawakili Tanganyika. Wakili binafsi naye, kumwona mara moja kwa ushauri si lazima iwe ghali. Muulize bei kabla hujakaa, na mkikubaliana aendelee, makubaliano ya malipo yaandikwe na upewe nakala.

#11 Boda wa Mbezi Mwisho

Mimi ni boda, haya mambo tunayaona kila siku. Nawatahadharisha na vishoka. Ukigongwa tu, kabla hata ndugu hawajafika hospitali, kuna mtu amefika. Anajua jina lako, anajua kituo ulichoandikishiwa. Anasema ana wakili wake na bima atazifuata yeye, wewe mpe PF3 na usaini hati ya kumpa nguvu ya kisheria akuwakilishe. Mwenzetu mmoja wa kijiweni alimpa. Bima ililipa kweli, yeye aliletewa milioni moja, na mpaka leo hajui zilizotoka zilikuwa ngapi.

#12 Wakili wa Wilayani

Asante sana Boda. Wakili wa kweli haruhusiwi kuzungukia wodi akitafuta wateja. Anayekufuata kitandani, mkatalie. Na kabla hujampa mtu yeyote nyaraka, andika jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, utaona kama ni wakili na kama leseni yake iko hai. Ni dakika mbili kwenye simu. Tena umpe nakala, zile za asili zibaki kwako inapowezekana.

#13 Kijana wa Likoni

Hamjambo ndugu zetu. Nasoma kutoka Mombasa, nimeona mengi yanafanana. Huku nasi ukomo ni miaka 3 kwa mtu binafsi, lakini ukigongwa na gari la serikali una miezi 12 pekee, na wengi wamenasa hapo. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, alingoja mwaka na nusu kwa sababu aliahidiwa ofisini kuwa mambo yake yanashughulikiwa. Yule wakili alimrudishia faili akamwambia, "Mzee, pole."

Kwetu karatasi za kushika mapema ni abstract ya polisi (muhtasari wa ajali), P3 (fomu ya polisi ya majeraha), na nakala ya kumbukumbu za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri ya huku, ili umjue mwenye gari ni nani. Pia mjue bima ya Kenya halazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Jeraha likiwa kubwa kuliko hapo, wakili anafaa aanze mapema kumwangalia mwenye gari ana nini.

#14 Mangi wa Duka

Nimesoma yote. Mtoto wa Stop Over, nimekuelewa hapo kwenye bima. Sikuwa nimelifikiria upande huo. Mimi mwenyewe nina kirikuu cha mzigo na nalipa hiyo bima kila mwaka, wala sijawahi kujiuliza inamlipa nani. Swali moja: nitajuaje kama gari lililonigonga lina bima ya kweli? Stika za kugushi zilikuwa nyingi.

#15 Mtoto wa Stop Over

Mkuu, siku hizi unaingia kwenye tovuti ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kuna mfumo wa kuhakiki, unaandika namba ya gari, unaona kama bima ipo, ya kampuni gani na inaisha lini. Fanya siku ile ile ya ajali na uhifadhi picha ya majibu. Sisi tulikuja kuhangaika na hilo baada ya gari kubadilisha mikono mara mbili, na kilichotuokoa ni picha moja tu aliyopiga mpita njia siku ya ajali, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Namba ya gari inasomeka, na stika kwenye kioo inaonekana kwa mbali. Yule kijana simjui mpaka leo. Namwombea kila nikikumbuka.

Na bima ikikuzungusha bila sababu, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, alianzishwa kwa sheria ya 2009. Wakili wetu ndiye aliyetutajia. Kumbe si ngazi zote zinazohitaji mahakama, ila mtu wa kukuonyesha ngazi ipi ya kupanda ni yeye.

Kuna jambo sikuliandika mwanzo. Mgonjwa mwenyewe anapenda kuwaambia watu kuwa amepona. Mdogo wangu kila aliyemuuliza alijibu, "Niko poa, nitasimama tu." Aliwaambia mpaka watu wa bima waliokuja kumhoji miezi ya mwanzo, na waliandika. Ni uungwana wetu, mtu hataki kuwasumbua wageni na maumivu yake. Wakili angekuwepo angemwambia amweleze daktari kila kinachouma, kidogo na kikubwa, kiandikwe kwenye faili, na watu wa bima waongee na wakili.

Yule jirani wa wodini niliyemtaja mwanzo hajasaini. Mama yake amepiga simu leo asubuhi, wale wageni walirudi, akawaambia mjomba wa mtoto anaisoma kwanza. Waliondoka na karatasi yao, machungwa waliyaacha.

#16 Mama Juna

Mrejesho wakuu, nimechelewa kwa sababu ya kuzunguka.

Siku ile ile nilikwenda kituo cha mafuta. Meneja alikuwa mkali kidogo mwanzo, nikamwonyesha picha ya mtoto na hogo lake. Akaniambia mashine yao inajifuta kila baada ya siku 14. Msaidizi wa kisheria wa kata alituunganisha na wakili wa msaada, dada mmoja kijana, mpole sana. Barua ikaandikwa jana, na jana hiyo hiyo jioni, siku ya 11, tukapewa picha kwenye flashi mbele ya askari. Gari linaonekana. Mtoto anaonekana amesimama ukingoni, ameinua mkono kama wanavyofundishwa shuleni, ndipo anaingia kwenye kivuko. Dada yangu alishindwa kuangalia, aliyeangalia mpaka mwisho ni baba wa mtoto. Baada ya hapo hakusema tena tusubiri.

Notisi ya siku 90 wakili ameanza kuiandika. Risiti zote nimetoa fotokopi leo, na daftari la nauli za kliniki nimelianzisha kama nilivyoshauriwa. Kesho asubuhi tunakwenda kituoni, kwa sababu kwenye PF3 jina la mtoto limeandikwa kwa herufi isiyo yake, na wakili amesema lirekebishwe sasa hivi wakati askari aliyeliandika bado yupo zamu.